Vidole Kwenye Ukingo wa Ungo

Muzdalifa hakuwa na desturi ya kusoma vitabu alivyovipanga. Alivijua kwa macho tu: picha zinakaa wapi, kichwa cha habari kina ukubwa gani, mstari upi umeachwa peke yake juu ya ukurasa na unahitaji kurudishwa kwa wenzake. Maneno yenyewe aliyamimina kama mpunga guniani. Alichojali ni gunia lisimame vizuri. Huko Dar es Salaam, alikofanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya vitabu, tabia hiyo haikumletea balaa, kwa sababu kulikuwa na mhariri, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, aliyesoma kila kitu kabla hakijaenda mitamboni. Kampuni ilipopunguza watu, Muzdalifa alirudi kwao Kibiti, akapanga fremu ya duka ng'ambo ya stendi, akaweka kompyuta, printa na feni, na mlangoni akaandikisha kwa rangi ya kijani kwamba anasanifu vitabu, majarida na kadi.

Huku hapakuwa na mhariri. Palikuwa na yeye na simu yake, na simu haikunyamaza. Mwalimu wa shule ya Mtawanya anataka mitihani ya majaribio, bwana harusi anataka jina la mkewe liandikwe kwa nakshi, msikiti unataka kalenda, na kila mmoja anataka leo. Muzdalifa alijifunza kuacha ukurasa katikati, akafungua kazi nyingine, akaiacha hiyo nayo, akarudi kwenye ile ya kwanza bila kukumbuka aliishia wapi. Alikula amesimama. Hata alipokaa, mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya meza.

Kitabu cha mpunga kilimjia katikati ya hekaheka hizo. Kililetwa na Saidy, kijana mratibu wa shirika dogo la mazingira lenye ofisi jirani na soko. Saidy alikuwa mtu wa mikutano. Alizungumza huku anatembea, na aliposimama alikuwa anatazama simu.

"Dada Muzda, hiki ni cha akina mama wa Kibanjani, kule ndani ya delta," alisema. "Namna walivyozuia maji ya chumvi yasiingie kwenye majaruba ya mpunga, na namna walivyoacha mikoko isimame. Maneno yako humo, picha ziko humo. Nataka kitu kizuri, cha kumpa mgeni rasmi mkononi."

Muzdalifa alifungua picha kabla ya kitu kingine chochote, kama kawaida yake. Moja ilimvuta mara hiyo hiyo. Watu watatu walisimama kwenye tuta la jaruba, nyuma yao mikoko imefunga kama ukuta. Kushoto alikuwapo mwanamke wa makamo mwenye kanga ya rangi ya chungwa. Katikati mwanamume mwenye kofia, anacheka. Kulia kabisa, pembeni, mwanamke mwingine mkubwa zaidi kwa umri, ambaye jua lilimpiga kwa nyuma hata uso wake ukawa gizani. Yeye na yule mwanamume walikuwa wameshika ungo mmoja uliojaa mpunga, kila mtu upande wake.

Picha ilikuwa pana, na jalada lilikuwa la wima. Mtu mmoja alizidi. Muzdalifa akavuta mstari wa kukatia, akausogeza, akauachia. Yule mwanamke wa pembeni akaondoka. Wakabaki wawili wanaopendeza, na ungo, na kijani cha mikoko juu yao kikiacha nafasi nzuri ya jina la kitabu.

Kilibaki kitu kimoja tu: vidole vinne vya yule aliyeondoka vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa ungo. Muzdalifa akavikuza kwenye kioo, akachukua rangi ya ukindu kutoka upande wa pili, akavipaka kimoja baada ya kingine mpaka vyote vikaisha. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba alijiegemeza kwenye kiti na kutabasamu. Simu ikalia, bwana harusi anauliza kadi zake. Akamtumia Saidy jalada kwa simu, na Saidy akajibu kabla chai haijapoa: dole gumba, na neno moja, "Safi." Faili likaenda Dar es Salaam kwa mchapaji.

Maboksi yalikuja kwa basi, siku chache kabla ya uzinduzi huko Kibanjani. Muzdalifa alikata gundi kwa mkasi, akatoa nakala ya juu, akainusa. Rangi zilikuwa zimetoka vizuri. Mkunjo umekaa, pini mbili za katikati zimenyooka. Akaiweka mezani ili arudi kwenye mitihani ya watu, na umeme ukakatika.

Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Kompyuta ikazimika. Barabarani magari yalipita yakaacha joto lao mlangoni. Muzdalifa alizunguka chumba, akatoka nje, akauliza kwa jirani kama na kwao umeme umekwenda, akarudi. Hakuwa na la kufanya. Akakichukua kitabu ili mikono ipate kushika kitu, na kwa mara ya kwanza tangu kiletwe, akaanza kukisoma.

Alidhani ni maelezo ya kitaalamu. Kumbe alikuwa mtu anazungumza. Kitabu chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, Sikudhani, aliyekuwa wa kwanza kijijini kukataa mikoko iliyokuwa mbele ya jaruba lake ikatwe. Alieleza namna alivyochekwa. Alieleza usiku maji ya chumvi yalipopanda na kuunguza miche ya wenzake, na namna wenzake hao walivyokuja asubuhi, mmoja mmoja, kuuliza alifanyaje tuta lake. Alimtaja mumewe, Bushiri, na mke mwenziwe, Mwanaidi, kwa wema. Muzdalifa alisoma haraka, kisha akapunguza mwendo. Karibu na mwisho alikuta maneno haya:

"Siku ya kupigwa picha nilimwambia Bushiri ashike ungo upande ule, nami nishike huku. Ungo ni wangu na mpunga ni wangu, lakini nilitaka watu waone kwamba tumeshika pamoja."

Muzdalifa alikifunga kitabu akatazama jalada. Bushiri alikuwa anacheka, ameshika ungo peke yake. Pembeni yake Mwanaidi.

Alikwenda ofisini kwa Saidy bila hata kufunga mlango wa fremu. Saidy alikuwa kwenye simu. Alimwashiria akae, Muzdalifa hakukaa.

"Saidy, kwenye jalada hili mwenye kitabu yuko wapi?"

Saidy alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mara ya kwanza. "Bi Sikudhani..." akasema polepole. "Kwani hakuwemo?"

"Alikuwemo. Nimemkata mimi. Sikujua ni nani."

"Na mimi sikuangalia vizuri. Nilikuwa kikaoni." Akajikuna shingo. "Sasa sikiliza, dada. Mgeni rasmi ameshaalikwa. Boti imeshalipiwa. Ndani jina lake lipo, maneno yake yapo. Watu wa kule watafurahi kuona kitabu tu. Tusitafute maneno yasiyokuwapo."

"Yatakuwapo."

"Basi yakitokea tutayajibu."

Muzdalifa alirudi kwenye fremu yake. Umeme ulikuwa umerudi, lakini kazi haikumwendea. Alifungua mitihani akaifunga. Alipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Alijaribu kujiambia kwamba ni picha tu, na kwamba huko Dar watu hukatwa kwenye picha kila siku. Kisha akavikumbuka vile vidole, na namna alivyotabasamu. Kukata ni jambo moja. Vidole alikuwa amevifuta kimoja kimoja, kwa uangalifu, kwa ustadi wake wote.

Siku iliyotangulia uzinduzi, alitia nakala moja kwenye mkoba, akapanda bodaboda hadi gati ya Nyamisati, akaisubiri boti ya abiria waendao deltani. Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope na nahodha amelala ndani yake. Muzdalifa alitembea gatini, akarudi, akanunua ndizi asizozila. Alimuuliza nahodha wataondoka lini, nahodha akamjibu bila kufumbua macho, "Waulize maji, mama." Akatembea tena.

Mwishowe maji yakajaa. Boti ikaingia kwenye mikono ya mto, ikipita kati ya mikoko iliyosimama kwa mizizi yake mirefu, na muda wote Muzdalifa alikuwa anatunga maneno ya kusema. Kila alipoyapata, aliyaona ya uongo.

Kibanjani alipokelewa na Mwanaidi mwenyewe. Alimtambua kwa picha. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti ya kubeba mbali, na alipoambiwa kwamba mgeni ndiye aliyetengeneza kitabu, alimshika mkono akataka kumpeleka kwanza kula.

"Namtafuta Bi Sikudhani," Muzdalifa alisema.

"Bi mkubwa yuko shambani, anaamia, anafukuza ndege. Mpunga umeanza kuinama, hawezi kuuacha. Nitakupeleka. Lakini nionyeshe kwanza kitabu, nikione!"

Muzdalifa alikitoa. Mwanaidi alikipokea kwa mikono miwili, uso umekunjuka. Kisha uso ule ukajikunja taratibu.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Nimemkata. Nafasi haikutosha. Sikujua kama ni yeye mwenye kitabu, nilikuwa sijakisoma."

Mwanaidi alitazama huku na huku, akakificha kitabu ndani ya kanga yake kana kwamba ni kitu cha aibu alichokiiba. "Umenitia mimi hapa, mbele, na mume. Peke yetu." Akashusha sauti. "Unajua watu wanasemaje hapa? Tangu msimu uanze bi mkubwa analala kwenye dungu, huko shambani, kwa ajili ya mpunga. Watu wanasema ameachwa kimya kimya. Wanasema mimi ndiye niliyemtoa. Nimekana mpaka nimechoka. Sasa wewe umewaletea picha."

Walikwenda shambani. Njia ilikuwa nyembamba, juu ya matuta, na pande zote mpunga ulikuwa unageuka rangi. Dungu lilisimama katikati juu ya nguzo ndefu, na kutoka pale kamba zilitandazwa kila upande, zimefungwa makopo. Mwanamke aliyekaa juu alivuta kamba moja, makopo yakapiga kelele, na kundi la ndege likaruka kama mchanga uliorushwa.

"Shikamoo, mama," Muzdalifa aliita kutoka chini.

"Marahaba, mwanangu. Panda."

Ngazi ilikuwa ya magogo membamba. Ndani ya dungu palikuwa na mkeka, sufuria, na chandarua kilichokunjwa. Sikudhani alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, na macho yake hayakutulia; yalikuwa yanapita juu ya shamba hata alipokuwa anasalimia. Mwanaidi alipanda nyuma, akakaa kando, akatoa kitabu kwenye kanga, akamkabidhi mkubwa wake, akainamisha kichwa.

Sikudhani alitoa miwani, akaivaa. Akatazama. Muzdalifa alianza kusema yale maneno aliyoyatunga kwenye boti, lakini Sikudhani aliinua mkono. Ndege walikuwa wametua upande wa mikoko. Akavuta kamba, makopo yakalia, akarudi kwenye jalada.

"Ungo huu naushika mimi," alisema. "Mkono wangu uko wapi?"

"Nimeufuta, mama."

"Umeufutaje?"

Muzdalifa akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona aibu: namna ya kukuza picha, namna ya kuchukua rangi mahali pengine na kuipaka juu. Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unanifahamu?"

"Hapana, mama."

"Ulimuuliza mtu?"

"Sikumuuliza."

"Na haya niliyoyasema, ulikuwa umeyasoma?"

"Niliyapanga. Sikuyasoma."

Sikudhani akavuta kamba ya upande wa pili, ingawa upande huo hapakuwa na ndege. Alivuta tena na tena, makopo yakapiga kelele shambani kote, mpaka Mwanaidi akasema kwa upole, "Dada." Ndipo akaiachia.

"Mimi nilidhani kitabu ni kitu cha watu wenye hadhari," alisema. "Yule kijana Saidy alikuja na simu yake, akaniambia sema mama, nikasema. Nikasema na ya ndani. Nikajua kuna watu huko wataipima kauli yangu neno kwa neno. Kumbe mwenye kukitengeneza hana habari nayo." Alivua miwani. "Watu watasema nimeachwa."

"Ndiyo maana nimekuja kabla ya maboksi. Niambie nifanye nini."

Sikudhani alifungua kitabu katikati, akasoma midomo ikicheza, akageuza ukurasa, akasoma. Ndege walishuka na Mwanaidi ndiye aliyevuta kamba safari hii. Muzdalifa hakujua aweke wapi mikono yake.

"Ndani sijaona kosa," Sikudhani alisema hatimaye. "Kitabu nakitaka. Jalada silitaki. Asigawiwe mtu yeyote kitu hiki kikiwa na jalada hili."

Kesho yake asubuhi boti ya Saidy ilifika na maboksi, na Muzdalifa alikuwa akimsubiri majini, nguo imelowa hadi magotini. Alimweleza pale pale. Saidy alishika kichwa.

"Kuyavua majalada? Dada Muzda, mgeni anafika alasiri! Atapewa kitabu kisicho na jalada?"

"Kimefungwa kwa pini mbili. Unazifungua, jalada linatoka, unazifunga tena. Nimeazima kisu na koleo."

"Shirika litaniuliza."

"Waambie msanifu alikosea. Ni kweli."

Waliyapeleka maboksi kwenye ghala la kikundi, na akina mama wakaanza kuingia, kila mmoja akauliza kuna nini, akaonyeshwa jalada. Baadhi walitazamana. Sikudhani aliingia wa mwisho; alikuwa ameacha mtu wa kumshikia kamba za makopo. Alikaa kwenye mkeka, akapokea kisu. Muzdalifa aliwaonyesha namna ya kunyanyua miguu ya pini bila kuchana karatasi.

Walikuwa wameshika kasi Bushiri alipotokea mlangoni, kanzu imepigwa pasi, tayari kwa sherehe. Aliona uso wake umerundikwa sakafuni, nakala juu ya nakala.

"Nini hii? Nani amewaambia mharibu vitabu?"

"Mimi," alisema Sikudhani, bila kuinua macho.

"Kwa sababu wewe humo? Sikudhani, sisi ni watu wazima. Picha tu hiyo. Na wewe binti," akamgeukia Muzdalifa, "umetoka Kibiti kuja kuvuruga nyumba za watu?"

"Nimekosea, mzee. Nimekuja kurekebisha."

Saidy alikuwa anahangaika katikati yao, anataka kila mtu asikie kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. "Jamani, hakuna aliyeona kosa mapema," alisema. "Mimi mwenyewe sikuona. Hata Mzee Bushiri nilimwonyesha kwenye simu nilipokuja kwa ule mkutano wa kamati, akasema imependeza."

Kelele za koleo zikakoma.

Sikudhani aliweka kisu chini. "Alikuonyesha?"

Bushiri alirekebisha kofia yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Alinionyesha upesi upesi. Simu ndogo, jua kali."

"Ukaniona simo."

"Nilidhani... nilidhani wewe uko kwingine, ndani huko."

"Ukaona umeshika ungo wangu peke yako, na mwenzangu yuko ubavuni, ukasema imependeza. Ukaja dunguni siku ile ile kuchukua mchele, ukala kwangu, hukuniambia."

Bushiri aliwatazama wanawake waliokaa mikekani kama mtu anayemtafuta wa kumjibia. Mwanaidi aliendelea kunyoosha pini, nguvu zake zote kwenye ile pini. Hatimaye Bushiri aligeuka, akatoka, na kanzu yake nyeupe ikaonekana muda mrefu ikienda kwa haraka kuelekea msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado.

Muzdalifa alitamani kuondoka naye. Alikuwa amekuja kurekebisha jalada. Sasa alikuwa amesimama katikati ya jambo lililokuwapo kabla yake, na mkono wake ndio uliolifunua. Alimsogelea Sikudhani. "Mama, nisamehe."

"Fungua pini, mwanangu," Sikudhani alisema. "Mgeni atafika."

Alasiri vitabu viligawiwa hivyo hivyo, vimeanzia ukurasa wa jina. Mgeni rasmi aliuliza, Saidy akamwambia jalada lilikuwa na kasoro na linatengenezwa upya, na mgeni akaitikia kwa kichwa akaendelea na hotuba. Bushiri hakuonekana. Sikudhani alipoitwa kusema machache, hakusema. Alivaa miwani akasoma sura ya pili yote, ile ya maji ya chumvi, huku akina mama wakimalizia sentensi pamoja naye pale walipokumbuka. Muzdalifa alisikiliza akiwa amesimama nyuma. Aligundua kwamba katika sura hiyo alikuwa ameikata sentensi moja kwa picha ya kamba wa baharini waliokaushwa, katikati kabisa, mahali ambapo msomaji anahitaji kupumua. Sikudhani alifika pale, akageuza ukurasa akiutafuta mwendelezo, akaupata, akaendelea. Muzdalifa alikunja ngumi mfukoni.

Saidy hakumletea kazi nyingine kwa kipindi kirefu. Alimsalimia walipokutana sokoni, akawa na haraka. Muzdalifa hakumlaumu. Aliirudia ile picha pana na akaanza jalada upya, kwa gharama yake, na kabla ya kufungua kompyuta alikisoma kitabu chote tena, kwenye karatasi, kalamu mkononi. Kilimchukua muda aliokuwa hana. Wenye kadi na kalenda walipiga simu. Akaigeuza simu kifudifudi, mguu ukitikisika, akasoma mpaka mwisho. Alipata jina la kijiji limeandikwa namna mbili tofauti. Alipata maelezo ya picha yaliyokaa chini ya picha isiyo yake. Alimpigia Mwanaidi kwa kila uso asioujua, na Mwanaidi akawa anamtajia majina, na katikati ya majina akawa anampa habari.

Habari hazikuwa nzuri. Mavuno yalipokwisha, Sikudhani hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa kaka yake, katika kijiji cha Mtunda, na magunia yake na ungo wake.

"Ni kwa ajili ya jalada?" Muzdalifa aliuliza.

"Ni kwa ajili ya mambo mengi. Aliyelikata jalada ni wewe, aliyesema limependeza ni mume wetu. Yeye anahesabu la pili." Mwanaidi alivuta pumzi. "Nyumba imepooza. Nimemzoea. Nani atanigombeza sasa?"

Muzdalifa alizunguka chumba na habari hiyo kwa siku nyingi. Akiwa anapanga mitihani aliikumbuka, akiwa anakata kadi aliikumbuka. Jalada lenyewe lilikuwa limempa jibu mapema: aliacha kulazimisha picha pana iingie kwenye wima, akaizungusha kitabu kizima, nusu mbele na nusu nyuma, asikatwe mtu. Kwa vile Sikudhani alisimama kulia, yeye ndiye aliyekuja mbele. Kwanza mkunjo ulipita usoni mwa Bushiri, akaisogeza picha. Akaichapa karatasini, kwa ukubwa wake halisi, akaikunja kwa mkono, akaituma Mtunda kwa dereva wa bodaboda anayemwamini.

Ilirudi na ujumbe: "Umenipaka unga usoni. Mimi si mweupe hivyo." Kweli, alikuwa ameuangaza uso mno ili uonekane. Akaupunguza, akatuma tena. Ikarudi: jina la kitabu limekaa juu ya mikoko, na mikoko ndiyo habari yenyewe. Akaliteremsha jina chini, kwenye tope. Alikuwa na hamu ya kumaliza iliyomwasha viganja, na mara zote mbili alisubiri karatasi irudi kabla ya kugusa kitu.

Katikati ya kusubiri huko, Bushiri alikwenda Mtunda na ndugu zake wawili. Mwanaidi alimsimulia Muzdalifa kwa simu: alikaa ukumbini tangu asubuhi, akasema aliyokuwa nayo, akaulizwa na kaka mtu maswali ambayo hakuyapenda. Sikudhani hakukataa, wala hakufungasha. Alisema atarudi mvua zikianza, kwa sababu shamba ni lake, na kwamba safari hii dungu atalijenga Bushiri na kulala humo atalala Bushiri, ajue ndege wanavyoamka mapema. Bushiri alikubali mbele ya watu. Kama atatimiza, Mwanaidi hakuweza kuapa.

Sampuli ya tatu ilikaa Mtunda siku kadhaa bila jibu. Muzdalifa alimaliza kalenda, akasafisha feni, akafungua faili la jalada na kulifunga bila kubadili kitu. Kisha, mchana mmoja, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka namba ya kaka yake Sikudhani. Nyuma kulisikika kuku na mtu anatwanga. Sauti ya Sikudhani ilikuwa kavu, haina mapambo.

"Nimeitazama. Na kaka yangu ameitazama, na watoto wake. Sasa chapa."

Muzdalifa aliisikiliza mara mbili. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kutuma faili kwa mchapaji. Akauondoa, akampigia Sikudhani kwa namba ile ile kumuuliza kama kweli amesema chapa.